Sikio la Kufa

Wahenga walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Ndivyo nilivyofunzwa, na ndivyo nilivyoandika katika insha zangu tangu darasa la tano. Mara mbili tatu mwalimu alinipa alama nzuri kwa kuitumia methali hiyo mahali panapofaa. Lakini, ndugu msomaji, pana mahali pengine nilipoitumia, na huko sikustahili alama hata moja. Niliitumia nyumbani, juu ya ndugu yangu mdogo, tena kwa miaka. Nimeona vyema niyaandike haya katika jarida la chama chetu kwa sababu sisi wanachama wa Kiswahili ndio tunaojigamba kuwa twajua uzito wa maneno.

Kwetu ni Taveta, mji ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mgeni akifika Taveta siku ya soko hana haja ya kuulizia njia. Mikokoteni na mikungu ya ndizi itamwonyesha. Mama yetu ni mchuuzi wa ndizi katika soko hilo. Yeye ndiye anayetulisha, ndiye anayetusomesha, mimi na huyu kitinda mimba wetu.

Ndugu yangu alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi alishikwa na mafua na homa isiyokwisha, kisha masikio yake yakaanza kutoa usaha. Jirani mmoja alimwambia mama amtie mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Mwingine akasema yatiwe maji ya majani fulani. Tulitia vyote. Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena, mpaka tukauzoea jinsi watu wanavyozoea paa linalovuja. "Atakua, yataisha," ndivyo tulivyoambiana.

Mtoto akakua kweli, lakini akawa mtu wa peke yake. Ukimtuma chumvi alileta kiberiti. Ukimwita mara tatu alikuja ya nne. Alipozungumza alipaza sauti kana kwamba yuko ng'ambo ya mto, na redio aliiegemea kwa shavu. Sisi tulimwona mkaidi. Wimbo wetu wa kila siku ukawa ule ule: "Kwani huskii?" Mama alimwuliza, mimi nikamwuliza, hata watoto wa jirani wakamwuliza. Lo! Swali lile tuliuliza mchana na usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyengoja jibu.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2023 nilikuwa nimemaliza mtihani wa KCPE na nilikuwa nyumbani nikisubiri kujiunga na kidato cha kwanza. Jioni moja tulitoka sokoni mimi na yeye, nikiwa na kapu kichwani, naye akitembea mbele yangu kandokando ya barabara. Mara akaiona chupa ya plastiki katikati ya lami, akaifuata. Nyuma yetu palikuja bodaboda kwa kasi, honi ikilia. Nikapiga kelele, "Toka barabarani!" Hakugeuka. Nikapiga tena. Hakugeuka! Dereva alikata kona akapita karibu naye sana, akaponea chupuchupu kutumbukia mtaroni, kisha akatutukana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa.

Nilitupa kapu chini, nikamkamata ndugu yangu mkono na kumzaba makofi mawili mbele ya watu. "Sikio la kufa wewe!" nikamwambia. Akalia, akaniuliza, "Dada, nimefanya nini?" Nikadhani ni ujanja. Nikamwongeza la tatu.

Sitasahau kofi hilo la tatu.

Nilikuja kidato cha kwanza Januari 2024. Muhula wa pili, kama wengi wetu tunavyofahamu, karo ilinikalia kooni, nikarudi nyumbani kuitafuta. Mama alikuwa na akiba aliyoificha ndani ya mkebe wa majani ya chai. Akaniambia nivumilie hadi siku ya soko, aongeze kidogo, nirudi shuleni. Siku yenyewe ilipowadia akanigeukia alfajiri akijitwika ndizi: "Mwanangu, mwalimu wa ndugu yako ameniita mara mbili sijaenda. Leo nenda wewe. Ukimkuta kavunja kitu, mwambie nitalipa polepole."

Nikaenda naye hadi shule ya msingi ya karibu, shule ya umma, nikiwa nimeshajiandaa kumwomba mwalimu radhi. Njiani nilimwuliza, "Umefanya nini tena?" Hakunijibu. Alikuwa upande wa kulia kwangu, akitazama mbele.

Darasa la gredi ya pili lilikuwa na watoto 63 na mwalimu mmoja. Nilipochungulia dirishani nilidhani nimekosea mlango. Madawati yalikuwa yamesukumwa kandokando yakawa vibanda. Juu yake palikuwa na maboksi, vifuniko vya chupa, majani ya mgomba, maembe machanga na nyanya za udongo. Noti zilikuwa za karatasi, zimepakwa rangi kwa kalamu. Ubaoni paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa, SOKO, na chini yake palibandikwa manila yenye picha: mizani, kapu, mkungu, chana, na kila picha ina jina lake.

Mlangoni aliketi mvulana mwenye magongo mawili. Yeye ndiye aliyekuwa askari wa kaunti, mtoza ushuru. Hakuna aliyeingia sokoni bila kusimama mbele yake, kumsalimu na kulipa, naye akiandika kila shilingi kwenye daftari. Ndani kulikuwa na msichana mmoja ambaye baadaye nilielezwa kuwa bado herufi zilimchanganya. Aliyeandika b aliweza kuisoma d. Lakini mbele ya mafungu ya nyanya alirudisha chenji haraka kuliko mimi. Mwingine, mtoto mkimya, alichora vibandiko vya bei na hakusumbuliwa kusema asipotaka. Na katikati ya soko lile, akiwa amejifunga leso kiunoni kama mama, alikuwepo ndugu yangu, akitangaza kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto: "Ndizi tamu! Chana moja shilingi hamsini!"

Nilipigwa na butwaa. Nyumbani huyu hakuwa na maneno matatu.

Mwalimu alinikaribisha. "Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiwe dadake? Mama yuko?"

"Yuko sokoni, mwalimu. Amesema kama huyu amevunja kitu..."

"Hajavunja kitu," akanikatiza. Akanisogeza hadi nyuma ya ndugu yangu, hatua nne hivi. "Hebu mwite jina. Sauti yako ya kawaida."

Nikamwita. Akaendelea kupanga ndizi zake. Nikamwita tena, na maneno yale, kwani huskii, yakanifika mdomoni yakakwama. Mwalimu akazunguka akasimama mbele yake, akamtazama usoni, akasema kwa sauti ndogo kuliko yangu, "Muuza ndizi, una mteja nyuma yako." Mtoto akageuka papo hapo, akaniona, akacheka.

"Umeona?" mwalimu akaniambia. "Huyu hasikii vizuri. Anasikia kwa macho."

Nilitokwa na kijasho chembamba. Niliona ile barabara, ile chupa ya plastiki, na mkono wangu.

Wakati wa mapumziko mwalimu alinieleza alivyogundua. Muhula wa kwanza, katika imla, ndugu yangu alikuwa akipata mbili kwa kumi. "Nikasema huyu hajui kitu. Nilimsimamisha pembeni siku nyingi tu, na jambo hilo linaniuma hadi leo," akasema. Kisha wakafika kwenye mada ya familia. Watoto walitakiwa kuchora watu wa kwao na kueleza kila mmoja anafanya kazi gani. Ndugu yangu alichora soko zima. Akamchora mama, mizani na lori, akaeleza bei ya mkungu na idadi ya chana ndani yake, na hesabu aliyoitoa ilikuwa sawa. Mwalimu akajiuliza: mtoto asiyejua kitu amejuaje haya yote?

Basi akafanya jaribio. Siku moja alisoma imla akitembea nyuma ya darasa, kama ilivyokuwa desturi yake. Siku ya pili alisoma maneno ya uzito ule ule akiwa amesimama mbele ya ndugu yangu, uso kwa uso. Nyuma alipata mawili. Mbele alipata saba. "Hapo nikajua," akasema, "mtihani wangu ulikuwa ukipima masikio, haukuwa ukipima akili."

Maneno hayo niliyaandika mkononi kwa kalamu nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Sasa, msomaji wangu, huenda wajiuliza soko la watoto linahusiana vipi na sikio la ndugu yangu. Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini Januari 2019, hupanga masomo ya Kiswahili ya watoto hao kwa mada kama vile familia, mwili wangu na hali ya anga. Yule mwalimu alikuwa akiikamata mada moja na kuipitisha katika masomo mengine. Kwa muda wa wiki mbili kila kitu kilikuwa soko. Kiswahili kilikuwa majina ya bidhaa na adabu ya kupatana bei. Hesabu ilikuwa chenji, na chana ngapi zatosha mkungu. Mazingira yalikuwa taka za soko na mahali pa kuzitupa. Sanaa ilikuwa kusuka kikapu kwa makuti. Somo la dini lilikuwa uaminifu wa mizani.

Faida yake niliielewa polepole. Neno likija mara moja tu, kwa sauti tu, mtoto aliyelikosa amelikosa. Lakini neno "chana" ndugu yangu alilikuta kwenye picha, akalikuta kwenye hesabu, akalishika kwa mikono, akalisoma mdomoni mwa mnunuzi. Lilimjia kwa milango minne; mmoja ukifungwa, mitatu iko wazi. Vilevile kazi za soko ni nyingi, wala hazifanani. Aliyeshindwa kusoma alihesabu, aliyeshindwa kutembea alitoza ushuru, na wote walikuwa katika somo lile lile. Hakuna aliyepewa kazi ya kuhurumiwa. Soko bila mtoza ushuru halifunguliwi!

Mimi nilisoma kwa mtaala wa 8-4-4, na nilikuwa katika kundi la mwisho kabisa kuufanya mtihani wa KCPE. Siwezi kuukana mtaala ulionilea, wala si kweli kwamba walimu wetu hawakujali. Hata hivyo siku ile nilimkumbuka mvulana mmoja wa darasa letu. Alikuwa akivuta mkia kila mtihani, basi tukambandika jina la Mkia. Alikuwa akikunja uso akitazama ubao, na mara kwa mara alichungulia daftari langu. Nilikuwa nikilifunika kwa mkono na kumshtaki kuwa anaiba majibu. Alipofika darasa la sita aliacha shule. Mpaka leo sijui kama macho yake yaliuona ubao ule. Nilikaa naye dawati moja mwaka mzima na sikumwuliza.

Mwalimu alimwandikia mama barua ampeleke mtoto katika Kituo cha Tathmini na Nyenzo za Elimu. Sikuwa nimewahi kusikia kuna kitu kama hicho, ilhali vituo hivyo vilianza nchini mwaka wa 1984, Wizara ya Elimu ikisaidiwa na nchi ya Denmark. Kazi yao ni kuwapima watoto wenye matatizo ya kusikia, kuona, viungo au kujifunza, na kuwashauri wazazi na walimu. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1986, taasisi ya KISE ilianzishwa jijini Nairobi ili kuwafunza walimu wa elimu maalum.

Tulikwenda naye, mimi na mama. Alivishwa vidude vya masikioni vilivyounganishwa na mashine, akapewa kopo na vipande vya mti. Kila akisikia mlio aangushe kipande kimoja ndani ya kopo. Mashine ililia kwa sauti ndogo, ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mama alikuwa amekaa kando akiusikia mlio unaovuja nje. Mtoto ameshika kipande mkononi, anangoja. Nilimwona mama akijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Nimempiga sana huyu mtoto," akanong'ona. Sikumjibu, kwa kuwa nami nilikuwa na deni langu.

Tuliambiwa tumpeleke hospitali kubwa huko Voi, safari ya zaidi ya kilomita 100, kwa sababu usaha wa muda mrefu huweza kutoboa kiwambo cha sikio. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nauli ya watu wawili, dawa na chakula. Usiku ule mama aliufungua mkebe wa majani ya chai, akazimwaga pesa mkekani, akazigawa mafungu mawili kama afanyavyo nyanya sokoni. Fungu moja lilikuwa karo yangu, na jingine sikio la ndugu yangu. Yote mawili hayakutosha. Akanitazama.

Nisiseme uongo katika jarida la shule. Moyo wangu ulikataa. Nilifikiri juu ya mitihani nitakayoikosa, na wenzangu watakaonipita. Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikalichukua fungu langu nikaliunganisha na lile jingine. Sikufanya hivyo kwa wema. Lilikuwa lile kofi la tatu. Nilikaa nyumbani wiki mbili zaidi, nikauza ndizi badala ya mama aliyesafiri, na muhula ule nilianguka Hisabati.

Daktari aliyasafisha masikio yale, akatoa dawa ya matone, akatuonya tusitie tena mafuta wala majani wala kijiti, na maji yasiingie. Sikio la kushoto likakauka na kusikia kukaongezeka. La kulia kiwambo chake kimetoboka pakubwa, na kila nikiandika habari hii bado tunalihudhuria. Hakupona akawa mtu mpya kama katika hadithi. Alichopata ni nusu, na nusu hiyo ni kubwa kwetu.

Darasani mambo yaliyobadilishwa hayakugharimu hata senti. Alihamishiwa dawati la mbele, sikio lake la kushoto likielekea kwa mwalimu. Mwalimu alijizoeza kutosema huku ameuelekea ubao. Huandika kwanza, hugeuka, ndipo husema. Maneno ya mada hubandikwa ukutani wiki nzima. Alipewa mwenzi wa dawati wa kumgusa bega mwalimu anapotoa agizo, naye humlipa mwenzi huyo kwa kumsaidia hesabu. Cha ajabu ni kwamba mambo haya yaliyofanywa kwa ajili ya mtoto mmoja yaliwafaa wengi. Mwalimu aliniambia kwamba wale wa nyuma waliokuwa wakisinzia wakati wa imla nao wakaanza kupanda.

Si wote waliofurahi. Kabla sijarudi shuleni niliandamana na mama katika mkutano wa wazazi. Mzee mmoja alisimama: "Mwalimu, hawa watoto wanacheza soko, watasoma lini? Na hizi manila kila wiki nani atalipa?" Mama mwingine akauliza kwa nini wenye shida wasipelekwe shule zao, wasije wakawachelewesha wengine. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Mzazi wa kibarua akiambiwa anunue manila, huo ni mlo. Na mwalimu mmoja mwenye watoto 63 si malaika.

Mama yangu, ambaye katika mikutano yote husema "nimeunga mkono" na kuketi, siku ile alisimama. "Mimi ni muuza ndizi," akasema. "Sokoni kwetu kuna kipofu anayeuza kamba, na hakuna aliyewahi kumwambia aende soko la vipofu. Mtoto wangu mlikuwa mkimwona mjinga, hata mimi nilimwona hivyo. Alikuwa hasikii tu. Kuhusu manila, maboksi sokoni yanatupwa. Nitaleta." Akaketi. Watu wakacheka, na maboksi yakaletwa.

Nadhani mama, bila kujua, alisema jambo ambalo mataifa yalisafiri mbali kulisema. Mwezi wa Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca, nchini Uhispania, wakatangaza kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, bila kujali hali za miili yao au akili zao. Hapa kwetu, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Mwaka wa 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu inayosisitiza elimu jumuishi. Sera hiyo haikuzifuta shule maalum. Mtoto kiziwi kabisa anahitaji mwalimu na wenzake wanaojua Lugha ya Ishara ya Kenya. Kumweka tu kwenye dawati la mbele katika darasa lisilojua ishara ni kumnyima shule huku ukimwita mwanafunzi. Kujumuisha si kumwingiza mtoto mlangoni. Ni kuhakikisha kuwa akiwa ndani somo linamfikia.

Nyumbani nasi tulibadilika. Siku hizi hatuiti kutoka jikoni; tunakwenda alipo, tunamgusa bega, tunangoja atazame, ndipo tunasema. Barabarani hutembea upande wangu wa ndani. Neno "kwani huskii" limepigwa marufuku, na atakayelisema huosha vyombo.

Palibaki deni langu. Usiku mmoja kabla sijarudi shuleni, taa ikiwa mbele yetu, nilipiga magoti ili uso wangu uwe sawa na wake. Nikamwambia polepole, "Siku ile ya pikipiki nilikupiga. Hukuwa na kosa. Nisamehe."

Aliutazama mdomo wangu mpaka nikamaliza. "Ulinipiga mara tatu," akasema.

"Ndiyo, tatu."

Akafikiri. "Basi nipe maandazi matatu."

Nilimpa manne. Mama alicheka mpaka akakohoa, lakini mimi sikuweza kucheka.

Wenzangu, habari hii si ya shule ya msingi peke yake. Hapa kwetu, katika bweni lako na katika darasa lako, yupo anayekaa nyuma na kukunja uso akitazama ubao. Yupo asomaye kwa sauti akikwama, nasi tukimcheka kabla hajafika kwenye nukta. Yupo aitwaye mkaidi. Kabla ya kumbandika jina, mwulize ameketi wapi, anaona nini, anasikia nini. Mpe daftari lako alichungulie. Kama ni wewe mwenyewe, mwambie mwalimu, si aibu. Nanyi walimu wetu tunaowaheshimu, tunawaomba msome imla mkiwa mbele.

Na sisi wa chama cha Kiswahili, methali zetu tuziweke akiba kama mganga anavyoweka dawa yake, tusizitoe kabla hatujamtazama mgonjwa. Kwa miaka sita nilimwambia mtoto kuwa sikio lake ni la kufa. Sikio lake lilikuwa likiuma tu, likitoa usaha, likingoja mtu mmoja asimame mbele yake. Aliyekuwa haambiliki ni mimi.